Daftari la Vilele: Tulikofika na Tusikofika



Mwezi wa Shaabani uliopita, baada ya swala ya Alasiri, alitujia mama mmoja wa mtaani petu akiwa na daftari mkononi. Mwanawe anafanya kazi Glasgow, nchi ya Uskoti, na siku hizo alikuwa amekuja likizo. "Sheikh," akatwambia, "huyu mwanangu kila Jumamosi yuko mlimani. Akirudi, aandika jina la mlima humu. Hana anachokichuma huko. Nimemkanya hasikii. Mwambie wewe."

Tulimjibu kwa haraka kuliko ilivyofaa. Tulisema kwamba wakati ni amana, na kwamba kukusanya majina ya milima ni kama kukusanya kokoto. Mama akaenda zake akituachia daftari. Usiku ule tulilisoma, na kabla ya Alfajiri tulikuwa tumejutia jawabu letu.

Tuueleze kwanza mchezo wenyewe. Mwaka 1891, Sir Hugh Munro alichapisha orodha ya milima ya Uskoti yenye kimo cha kuzidi futi 3,000, yaani kiasi cha mita 914. Alihesabu milima 283. Leo inahesabiwa 282, kwani vipimo vikisahihishwa na orodha husahihishwa. Mwaka 2012 mlima uitwao Beinn a' Chlaidheimh ulipimwa upya, ukaonekana umepungukiwa na chini ya nusu mita, ukaondolewa. Tangu zama za Munro, watu huweka madaftari wakiandika kila mlima walioupanda. Wako wanaoimaliza yote kwa miaka michache, na wako ambao umri huwamalizikia njiani.

Munro mwenyewe alikuwa miongoni mwa hao wa mwisho. Alifariki mwaka 1919 hali orodha yake haijatimia, na kilele kimoja kilichomshinda ni mwamba ulioko kisiwa cha Skye, ambao haupandiki ila kwa kuukwea jiwe kwa mikono.

Wa kwanza kutajwa kuwa ameimaliza ni kasisi A. E. Robertson, mwaka 1901. Lakini miaka mingi baadaye, waliozisoma kumbukumbu zake walikuta ameandika kwamba siku aliyoupanda Ben Wyvis, mvua kubwa ilimrudisha kabla ya kufika juu. Hapo ikaingia shaka kama kweli aliimaliza yote. Tazameni, wasomaji wetu: shahidi aliyemtilia shaka hakuwa hasidi wake. Alikuwa kalamu yake mwenyewe.

Sisi Waislamu habari hii haitushangazi. Twaamini kwamba kila mmoja wetu ana Malaika wawili waandishi watukufu, wasiosahau jema wala baya. Wazee wetu wa elimu walituusia tujihesabu nafsi zetu kabla ya kuhesabiwa. Basi mtu anayejiandikia kwa ukweli, hata kama ni habari za milima, ameizoesha mikono yake kazi kubwa zaidi. Na anayeandika mafanikio peke yake hakuweka kumbukumbu, amejitungia sifa. Hiyo ndiyo riya, na riya haihitaji watazamaji wengi. Mtu aweza kujionyesha mbele ya daftari lake.

Tukirudi kwa kijana wetu, kila ukurasa wake ulikuwa na tarehe ya Hijria na ya Miladi, jina la mlima, kimo, saa ya kutoka na saa ya kurudi, alioandamana nao, hali ya hewa, na mahali aliposwali. Mlima mrefu kuliko yote huko, Ben Nevis, una mita 1,345 tu, na Vuria yetu ya Taita yaupita kwa mbali, ina mita 2,208. Hatari ya kule haiko katika urefu. Iko katika ukungu, upepo, barafu na ufupi wa mchana, kwani mwezi wa Disemba jua hutua kabla ya saa kumi alasiri. Kijana alikuwa akiipanga safari yake kwa nyakati za swala.

Ukurasa mmoja haukuwa na kilele chochote. Siku ile aliiacha njia yake akaenda Glencarron kumwombea dua Lady Evelyn Cobbold, aliyejiita Zainab, mama wa Kiskoti aliyesilimu, akahiji mwaka 1933 na kuandika kitabu cha kumbukumbu za safari yake. Alifariki mwaka 1963, akazikwa huko mlimani, ameelekezwa Kibla.

Na ukurasa mwingine ulisema: "Hatukufika. Ukungu umezidi, hatuoni hatua kumi mbele. Imebaki kiasi cha nusu saa. Tumerudi. Mama asijue."

Asubuhi tulimwita kijana. Tulimwomba radhi kwa yale tuliyoyasema nyuma yake, kisha tukamwomba jambo moja: amsomee mama yake ukurasa ule kwa mdomo wake. Alisita, lakini alikubali. Mama alisikiliza hadi mwisho, akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Kumbe wajua kurudi." Hakumkataza tena.

Enyi wazazi, ikiwa watoto wenu wanapenda kutembea, iwe ni vilima vya Shimba, Vuria au mbali zaidi, wapeni daftari. Waandike tarehe, njia, wenzao na saa ya kurudi. Waandike pia waliposhindwa na sababu yake, kwani ukurasa huo ndio utakaomwokoa mtu safari ijayo. Wawaachieni nyumbani habari ya wanakokwenda kabla ya kutoka. Na nyinyi msiwakemee kwa ukurasa wa kushindwa, la sivyo watajifunza kuuficha. Daftari ambalo mzazi haruhusiwi kulisoma limekwisha kupoteza nusu ya faida yake.

Kijana amekwisha rudi Glasgow. Jumamosi usiku mama yake humpigia simu, wala hamuulizi kama amefika kileleni. Humuuliza: "Mwanangu, umerudi saa ngapi?" Naye humsomea alichoandika.

Mwenyezi Mungu atujaalie vitabu vyetu tuvipokee kwa mikono ya kulia. Amin.