KAMERA IMTAZAME MWALIMU KWANZA

Mwaka 1878, katika shamba la farasi la Palo Alto huko California, tajiri mmoja aitwaye Leland Stanford alimtaka mpiga picha Eadweard Muybridge apige picha za farasi wake wakienda mbio. Kamera zilipangwa mstari mmoja kando ya njia, na nyuzi zikatandazwa ili farasi mwenyewe azikate apitapo na kufyatua kila kamera kwa zamu yake. Kabla ya siku hiyo, wachoraji wa Ulaya walikuwa wakimchora farasi wa mbio amenyoosha miguu ya mbele na ya nyuma kwa wakati mmoja, kana kwamba anaogelea hewani. Picha zile ziliwaumbua. Ni kweli kwamba miguu yote minne huiacha ardhi, lakini huiacha wakati imekunjwa chini ya tumbo. Watu walioishi na farasi tangu utoto wao hawakuwa wameliona jambo hilo kwa macho.

Shamba lile baadaye likawa Chuo Kikuu cha Stanford. Na hapo hapo, mwaka 1963, Dwight Allen na wenzake walianza kuwafundisha walimu kwa njia ambayo haikuwa imezoeleka. Mwanachuo alipewa wanafunzi wachache tu, na dakika chache tu, atoe somo lenye shabaha moja: kuuliza maswali, kwa mfano, au kufungua somo. Somo likanaswa katika mkanda wa video. Kisha mwanachuo akaketi na mkufunzi wake, wakaitazama kazi ile, wakaisahihisha, na mwanachuo akarudi kuifundisha upya kwa wanafunzi wengine. Safari hii aliyetazamwa hakuwa farasi, alikuwa mwalimu.

Siku hizo mashine za video zilikuwa mzigo wa kuchukuliwa na watu kadhaa, na bei yake vyuo vingi havikuthubutu hata kuiuliza. Leo kifaa bora kuliko zile kimo mfukoni mwa mwanachuo. Simu ya kawaida hunasa picha 30 kwa sekunde, na nyingi zaweza kunasa 240. Mguu wa mrukaji wa urefu hukaa juu ya ubao wa kurukia kwa muda wa sekunde 0.12 hivi. Simu ikienda kwa picha 30, hapo utapata tatu au nne tu. Ikienda kwa 240, utapata kama 28, na utaona kisigino, goti na nyonga kila kimoja kwa wakati wake. Ipo hata programu iitwayo Kinovea, itolewayo bure, ambayo hupunguza mwendo wa picha na kupima pembe za viungo. Anayesomea ualimu wa mazoezi ya viungo yafaa ajifunze haya yote.

Lakini hayo si kiini cha hoja yetu. Kazi ya mwalimu wa michezo si kumtengeneza mrukaji mmoja. Ni kuwashughulisha watoto wote waliomo uwanjani. Hapo ndipo macho ya mwalimu humdanganya kama yalivyowadanganya wachoraji wa farasi. Mwulize mwanachuo atokapo uwanjani, atakwambia watoto walicheza sana. Mwonyeshe picha. Ataona amesimama akieleza kwa dakika nane huku jua likiwaka. Ataona foleni ya watoto thelathini mbele ya mpira mmoja. Ataona wavulana wawili warefu wakiupata mpira kila mara, na wasichana watano kando ya mstari ambao hawakuugusa tangu kipindi kilipoanza, wala yeye hakuwahi kuwaita kwa majina. Alikuwa akiwatazama wale wawili, kwa sababu wale wawili walikuwa wakimfurahisha.

Mambo haya yaweza kuhesabiwa. Mwaka 1991 Thomas McKenzie na wenziwe huko Marekani walitoa utaratibu wa kupima kipindi cha mazoezi ya viungo: mtazamaji humwangalia mtoto mmoja kwa sekunde kumi, kisha katika sekunde kumi zifuatazo huandika kama mtoto huyo alikuwa amelala, ameketi, amesimama, anatembea au anajishughulisha kwa nguvu. Kipindi cha dakika 40 hutoa alama 120. Shabaha iliyowekwa huko ni kwamba nusu ya kipindi, walau, mtoto awe katika mwendo. Mwanachuo aliye na picha, saa na karatasi aweza kuifanya hesabu hii mwenyewe jioni bwenini, bila kungoja hukumu ya mtu. Mara ya kwanza hatatazama watoto. Atatazama shati lake na kuishangaa sauti yake. Hiyo ndiyo kawaida ya binadamu. Basi atazame mara mbili, na mara ya pili awe na swali moja tu mkononi.

Sasa twaja kwenye jambo linalowahusu wafanyakazi wote. Je, picha hii ni mali ya nani? Katika shule tuliyosoma sisi, siku ya mkaguzi mipira mipya ilitolewa stoo, na somo tulilofundishwa mbele yake tulikuwa tumelifanya mara tatu wiki iliyotangulia. Kesho yake mipira ilifungiwa tena. Picha ya somo ikiwekwa katika jalada la kupandishia cheo au la kumwadhibu mtu, tutapata masomo ya namna hiyo hiyo, na kamera itanasa uongo badala ya kazi. Mwanachuo lazima awe na haki ya kukosea mbele ya kamera. Twasema bila kusitasita: picha ya mafunzo iwe mali ya mwanachuo, aionyeshe kwa mkufunzi wake, na isipelekwe kwingine bila ridhaa yake.

Na watoto je? Picha ya msichana aliyevaa nguo za michezo haina haki ya kuzurura katika simu za watu. Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa za watu mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Wazazi waulizwe kabla, simu itumikayo iwe ya chuo wala si ya mkufunzi, na picha ifutwe hesabu ikiisha kufanywa.

Kuna sehemu moja ya kazi ya Stanford ambayo husahauliwa na wengi, nayo ni ile ya kufundisha upya. Vyuo vikikusanya picha na kuzitazama tu, vitakuwa vimejenga jumba la sinema. Mwanachuo aliyeiona foleni yake ya watoto thelathini yafaa arudi uwanjani wiki ile ile, awagawe makundi matano, awape mipira mitano, hata kama ni ya matambara na nyuzi, na simu isimamishwe tena pale pale pembeni.