Hujafa hujaumbika: Jinsi wahusika walivyobadilika katika msimu wa 3 wa Game of Thrones

Anayekwenda kutazama picha kwenye kibanda cha video huuliza mambo mawili kabla hajakaa vizuri: steringi ni nani, na adui ni nani? Akishajibiwa anajua wa kumshangilia na wa kumzomea mpaka mwisho.

Tamthilia ya Game of Thrones iliwavuruga watazamaji wa namna hiyo. Katika msimu wake wa 3, mtu aliyezomewa kwa misimu miwili alianza kuonewa huruma, na watu hawakuelewa hata wao ni lini mioyo yao iligeuka. Wasikilizaji wetu wengi siku hizi hutazama tamthilia kwenye simu, mara nyingi vipande vifupi tu wanavyorushiana. Kipande kifupi kinaonyesha panga na mazimwi, lakini hakionyeshi jinsi mtu anavyobadilika. Hilo ndilo tunalolieleza katika makala haya.

Tahadhari mbili kabla hatujaanza. Kwanza, tutasimulia yaliyotokea, kwa hiyo kama unataka kuutazama msimu huo bila kujua mwisho wake, rudi kwetu baadaye. Pili, tamthilia hii ni ya watu wazima. Ina mateso, damu na watu walio uchi, na haifai kutazamwa mbele ya watoto.

Tamthilia yenyewe kwa ufupi

Game of Thrones ilirushwa na kituo cha televisheni cha HBO cha Marekani kuanzia mwaka 2011 hadi 2019. Imetokana na riwaya za mwandishi Mmarekani George R. R. Martin. Nchi inayosimuliwa, Westeros, ni ya kubuni. Koo kubwa zinapigania kiti cha enzi, na ng'ambo ya bahari kuna binti wa kifalme mwenye mazimwi watatu.

Msimu wa 3 ulionyeshwa mwaka 2013, kuanzia Machi 31 hadi Juni 9, ukiwa na sehemu 10. Ulitokana na sehemu kubwa ya kitabu cha tatu cha Martin, kilichotoka mwaka 2000.

Mhusika bapa na mhusika duara

Waliosoma fasihi sekondari watakumbuka maneno haya mawili. Mhusika bapa ana sura moja: mwema ni mwema tangu mwanzo, na mwovu ni mwovu hadi mwisho. Mhusika duara ana pande nyingi, na anaweza kukushangaza bila kuacha kuaminika. Mgawanyo huu ulielezwa na mwandishi Mwingereza E. M. Forster mwaka 1927, na walimu wa Kiswahili wanaufundisha mpaka leo.

Ugumu upo kwenye yale maneno ya mwisho, "bila kuacha kuaminika". Mwandishi mvivu humlaza mtu akiwa jambazi, kesho yake akamwamsha mtakatifu. Mtazamaji haamini. Basi tuone msimu wa 3 ulivyoifanya kazi hiyo kwa watu watatu, na tuanze na aliyechukiwa zaidi.

Jaime, aliyeitwa Muua Mfalme

Jaime Lannister, aliyeigizwa na Mdenmaki Nikolaj Coster-Waldau, anaingia kwenye hadithi vibaya sana. Katika sehemu ya kwanza kabisa ya tamthilia, mtoto aitwaye Bran anamkuta akiwa kwenye mapenzi na dada yake mwenyewe, pacha wake. Ili siri isitoke, Jaime anamsukuma mtoto huyo dirishani kutoka juu ya mnara. Bran anapona, lakini hatembei tena.

Kabla ya hapo Jaime alikuwa tayari na jina baya. Alikuwa mmoja wa walinzi walioapa kumlinda mfalme kwa maisha yao, naye ndiye aliyemuua mfalme huyo kwa kumchoma upanga mgongoni. Tangu siku hiyo nchi nzima inamwita Muua Mfalme. Yeye anajibu kwa dharau na kejeli, kama mtu asiyejali.

Msimu wa 3 unapoanza, Jaime ni mfungwa anayesindikizwa na mwanamke mpiganaji, Brienne. Brienne ni mrefu, mwenye nguvu, anachekwa na wanaume kwa umbo lake, lakini akiapa hageuki. Njiani wanakamatwa na askari wenye ukatili. Usiku askari wanataka kumbaka Brienne. Jaime anawadanganya: anasema baba yake Brienne ni tajiri wa vito vya thamani, na atalipa mali nyingi akirudishiwa binti yake salama. Brienne anaachwa.

Kisha Jaime anajaribu kujinunua na yeye mwenyewe kwa utajiri wa baba yake. Mkuu wa askari anachoshwa na majivuno hayo. Anachukua kisu kikubwa na kumkata mkono wa kulia.

Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Aliyemlemaza mtoto sasa ni mlemavu. Na mkono huo haukuwa mkono tu. Jaime alikuwa hodari wa upanga kuliko karibu wote nchini. Ukoo, fedha, sura nzuri, vyote alikuwa navyo, lakini aliyemfanya ajione mtu ni ule mkono. Askari wanauning'iniza shingoni mwake, wanamcheka akianguka kwenye matope, naye anakataa kula ili afe. Anayemwamsha ni Brienne, na hambembelezi. Anamwambia kwa ukali kwamba sasa ameonja maisha ambayo watu wengine wanayaishi kila siku, ya kunyang'anywa wanachokipenda.

Ukweli uliosemwa ndani ya maji

Katika sehemu ya 5 wawili hao wanakutana kwenye bwawa la kuogea. Jaime, akiwa na homa na kidonda kibichi, anamweleza Brienne jambo ambalo hajamwambia mtu.

Yule mfalme alikuwa mwendawazimu aliyependa kuchoma watu. Alificha chini ya mji mkuu dawa inayowaka kwa moto wa kijani usiozimika kirahisi. Majeshi ya waasi yalipoingia mjini, alimwamuru Jaime amletee kichwa cha baba yake, kisha akaamuru mji wote uchomwe pamoja na wanawake na watoto. Jaime alimuua aliyetakiwa kuwasha moto huo, halafu akamuua mfalme.

Kwa hiyo tendo lililompa jina baya ndilo lililookoa mji mzima. Kwa nini hakusema? Kwa sababu mtu wa kwanza kumkuta pale, bwana aliyesifika kwa haki, alishamhukumu kwa macho kabla ya kuuliza swali lolote. Jaime alikuwa kijana mwenye kiburi. Aliona kama wameamua yeye ni mwovu, basi na wamwone mwovu.

Akimaliza kusimulia anazirai. Brienne anapiga kelele kuita msaada, akimtaja kwa jina la Muua Mfalme. Jaime, sauti ikiwa chini, anamsahihisha: jina lake ni Jaime.

Hapo ndipo watazamaji wengi walipogeuka. Ni vyema tuone ufundi uliotumika. Mwandishi wa riwaya alituficha moyo wa mtu huyu kwa vitabu viwili vizima. Ni katika kitabu cha tatu tu ndipo sura za hadithi zinaanza kusimuliwa kutoka upande wa Jaime mwenyewe. Mpaka wakati huo tulikuwa tumemjua kwa maneno ya watu wengine, na tulikuwa tumeyaamini.

Maneno yakawa tendo

Maungamo peke yake hayatoshi. Mtu anaweza kulia leo akarudia kesho. Ndiyo maana sehemu ya 7 ni ya lazima.

Jaime anaachiwa huru aende kwa baba yake, lakini Brienne anabaki mikononi mwa watekaji. Wanapoagana, Brienne anamwita kwa jina lake na kwa cheo cha heshima, kwa mara ya kwanza. Njiani Jaime anapata habari kwamba baba yake Brienne ametoa fedha za kumkomboa na zimekataliwa, kwa sababu watekaji bado wanaamini ule uongo wa vito. Uongo uliomwokoa usiku ule ndio sasa utakaomuua.

Jaime anarudi. Anamkuta Brienne ametupwa kwenye shimo na dubu, mkononi ana upanga wa mbao. Jaime hana silaha, hana mkono wa kulia. Anarukia shimoni hivyo hivyo. Wanapona kwa sababu askari waliopewa kazi ya kumfikisha Jaime akiwa hai wanalazimika kumpiga dubu mshale na kuwavuta wote wawili juu.

Ukikitazama kipande cha dubu peke yake kwenye simu, utaona mapambano. Ukikitazama baada ya sehemu sita zilizotangulia, unaona mtu aliyekuwa akimlipia kila mtu kwa fedha za baba yake sasa analipa kwa mwili wake.

Theon, aliyefungua moyo mahali pabaya

Msimu huo huo unatuonyesha njia nyingine, ya kutisha. Theon Greyjoy alilelewa na ukoo wa Stark, kisha katika msimu wa 2 akawasaliti na kuiteka nyumba iliyomlea. Katika msimu wa 3 amefungwa na kuteswa mahali asipopajua. Kijana mmoja anajifanya kumwokoa.

Katika sehemu ya 4, Theon naye anaungama. Anakiri kwamba baba yake wa kweli alikuwa yule aliyemlea, na kwamba alipotakiwa kuchagua, alichagua vibaya. Majuto yake ni ya kweli kama ya Jaime. Lakini kijana anayemsikiliza ndiye mtesaji mwenyewe. Anamrudisha palepale alipomtoa. Kufikia sehemu ya 10 anampiga mpaka Theon akubali kwamba jina lake si Theon tena, ni jina la dharau lenye maana ya uvundo.

Wawili wamekosa, wawili wamejuta, wawili wamesema. Tofauti kubwa ni nani alikuwa akisikiliza.

Daenerys, aliyepewa jina na watu

Wa tatu ni Daenerys Targaryen. Msimu wa 1 ulipoanza, kaka yake alimwoza kama mtu anayeuza mali. Katika msimu wa 3 anafika mji wa watumwa wa Astapor kununua askari 8,000, na anakubali kutoa zimwi wake mmoja kama malipo. Muuzaji anamtukana kwa lugha yake mbele ya macho yake, akijua haelewi, na mkalimani analainisha matusi.

Katika sehemu ya 4, biashara ikishakamilika, Daenerys anafungua kinywa na kuongea lugha ile ile kwa ufasaha. Alikuwa akisikia kila tusi. Anawaamuru askari wawapige mabwana wao, zimwi linamchoma muuzaji, kisha anawaachia huru askari wote. Waliobaki naye wanabaki kwa hiari. Sehemu ya 10 inaishia nje ya mji mwingine, watumwa walioachiwa huru wakimzunguka na kumwita Mama kwa lugha yao.

Linganisha majina. Jaime anadai jina lake lirudi. Theon ananyang'anywa lake. Daenerys anapewa jipya. Hata kiongozi wa wale askari anapoambiwa ajichagulie jina, anabaki na lile la utumwani, kwa sababu ndilo alilokuwa nalo siku aliyopata uhuru. Ukitaka kujua mtu amefika wapi katika msimu huu, sikiliza anaitwaje na ni nani anayemwita.

Je, aliyebadilika amesamehewa?

Swali hili ndilo linalozua ubishi, na tunadhani tamthilia ilikuwa na busara kutolijibu. Jaime amerukia shimo la dubu, lakini Bran bado hatembei. Kumwelewa mtu hakufuti alichokifanya. Aliyeumizwa hadaiwi msamaha kwa sababu tu sisi watazamaji tumeguswa.

Hata hivyo kuna jambo moja tunaloweza kulichukua mpaka nyumbani. Kila kijiji kina mtu anayeitwa kwa kosa lake: mwizi, mlevi, mchawi. Wengine walitenda kweli. Wengine walihukumiwa kwa macho, kama Jaime, na hakuna aliyewahi kuwauliza ilikuwaje. Jina likishakaa miaka 20, hata mwenyewe huchoka kulipinga akaanza kuishi kama linavyosema.

Utakapotazama tamthilia nyingine, au utakaposikiliza mchezo wa redio, jaribu kujiuliza maswali matatu. Mhusika huyu amepoteza nini? Amemwambia nani ukweli wake? Na amefanya tendo gani lililomgharimu? Ukikosa majibu, huenda mwandishi amembadilisha kwa kalamu tu. Ukiyapata, umekutana na mhusika duara, na pengine utatoka hapo ukimfikiria upya mtu unayemjua.