Kisu na Mnyama Mgonjwa: Somo Kutoka Garbatulla



Juma hili tunawaomba mwondoke nasi pwani, mpaka Garbatulla katika kaunti ya Isiolo, kwa ndugu zetu Waborana. Kwao ngamia, ng'ombe na mbuzi ndio chakula, akiba na mahari. Mwishoni mwa mwaka 2020, wafugaji wa upande wa Sericho walipatwa na maradhi mazito: kichwa kuuma, mwili kulegea, na baadhi yao kutapika damu. Hadi mwanzoni mwa Februari 2021, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limehesabu wagonjwa 32 na vifo 11 katika kaunti za Isiolo, Mandera, Murang'a na Garissa. Ilikuwa ni homa ya Bonde la Ufa.

Maradhi haya si mageni nchini. Yalitambuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 katika shamba la kondoo karibu na Naivasha. Kirusi chake hujificha ndani ya mayai ya mbu katika ardhi kavu, na chaweza kukaa humo miaka mingi. Mafuriko yajapo, mayai huanguliwa. Mbu huuma mifugo. Kondoo, mbuzi na ng'ombe hutupa mimba kwa wingi, na wana wao hufa. Kisha zamu humfikia binadamu, ama kwa mbu, ama kwa damu, mimba iliyotupwa na maziwa mabichi ya mnyama mgonjwa.

Watafiti wanayakabili maradhi haya kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuuchunguza umma mzima. Baada ya mafuriko ya 1997 na 1998, hawakutosheka na wagonjwa waliofika hospitali. Walipima damu za watu vijijini, wakakadiria kuwa katika wilaya ya Garissa pekee watu 27,500 waliambukizwa. Wengi hawakuonekana na tabibu yeyote. Lau isingalikuwa hesabu hiyo, tungalidhani ni balaa la watu wachache.

Njia ya pili ni ya dawa na chanjo, mtu mmoja mmoja, kwa hiari yake. Hapa tunamtaja Dkt. George Warimwe, Mkenya anayefanya kazi Kilifi, katika mpango wa utafiti wa KEMRI na Wellcome Trust, na pia Chuo Kikuu cha Oxford. Yeye na wenzake wametengeneza chanjo moja inayokusudiwa mifugo na watu pia. Iliwakinga kondoo, mbuzi na ng'ombe, na kwa ngamia ikaamsha kingamwili. Mwaka 2021 ilianza kujaribiwa kwa binadamu huko Oxford, kwa watu 15 wenye afya, nayo haikuleta madhara makubwa. Mwaka huo huo alipewa Tuzo ya Afrika ya Royal Society. Hikima yake iko wazi: ukimkinga mbuzi, umemkinga na mchungaji.

Lakini chanjo ya watu bado iko safarini, na mvua haingoji. Hivyo basi tuseme lile linalotuhusu zaidi sisi Waislamu. Tunajua kwa nini mfugaji hukimbilia kisu anapomwona mnyama wake anakata roho. Nyamafu ni haramu, na mali inapotea mbele ya macho. Kumwahi akiwa hai kwaonekana kuwa ni kuokoa riziki. Ila katika msimu wa homa hii, damu inayoruka kutoka shingo ile yaweza kumwua mwenye kisu, na watoto wanaoishika nyama. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio ya sharia, na kuhifadhi mali huja baada yake. Mbuzi aliyepotea hulipwa na mvua ijayo. Baba wa watoto halipwi.

Basi, wazazi wenzetu, pindi mifugo inapotupa mimba baada ya mafuriko, mpeni habari afisa wa mifugo, msichinje mgonjwa, msishike mimba kwa mikono mitupu, chemsheni maziwa, na laleni ndani ya vyandarua. Na watafiti wakija kuomba tone la damu, waulizeni yote mnayotaka kujua, kisha muamue kwa ilimu, wala si kwa hofu.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia kule Sericho, na awahifadhi waliobaki. Amin.