Mapingi: Sanaa ya nuru inayogeuza kuta, keki na hata jahazi kuwa skrini

UKIPITA karibu na jumba la KICC jijini Nairobi mchana, utaona mnara wa orofa 28 ambao umesimama pale tangu 1973. Hautikisiki. Lakini mpe fundi wa nuru projekta zenye nguvu na usiku mmoja tu, na mnara uo huo utauona ukipasuka katikati, ukimwaga maji kama maporomoko au ukijifunga kanga kutoka juu hadi chini. Ukirudi asubuhi kukagua, hutapata hata tone la rangi ukutani.

Sanaa hii mafundi wake huiita mapingi. Usiichanganye na kutandaza shuka jeupe na kuonyesha filamu mtaani. Kwenye mapingi, picha hukatwa na kupindwa hadi ifuate umbo la kitu chenyewe. Dirisha linabaki dirisha, ila sasa linakonyeza. Nguzo inabaki nguzo, ila inajikunja kama nyoka. Wala si sawa na zile taa za Burj Khalifa kule Dubai ambazo zimejaa kwenye video za mkesha wa mwaka mpya. Zile kwa kiasi kikubwa ni taa za LED zilizofungwa kwenye jengo. Mapingi humulika kutoka mbali na haigusi kitu.

Si mambo ya juzi

Mwaka 1969, bustani ya burudani ya Disneyland huko California, Marekani, ilifungua nyumba ya mizimwi iitwayo Haunted Mansion. Ndani yake mlikuwa na sanamu tano za vichwa zilizoonekana kuimba. Ukweli ni kwamba hakuna sanamu iliyosogea. Waigizaji walirekodiwa nyuso zao wakiimba, kisha filamu ikamulikwa juu ya sanamu ili midomo iangukie midomo na macho yaangukie macho. Hawakuhitaji kompyuta. Walihitaji vipimo sahihi na uvumilivu.

Kule Lyon, Ufaransa, mambo yalianza mapema zaidi, na kwa mishumaa. Tarehe 8 Desemba 1852, wakazi waliwasha mishumaa madirishani kwa heshima ya Bikira Maria. Desturi hiyo ndiyo iliyozaa Fête des Lumières, tamasha la nuru ambalo siku hizi hupamba kuta za makanisa na majumba ya kale kwa picha zinazotembea.

Na Oktoba 2010, saa ya kale ya jiji la Prague ilipotimiza miaka 600, mnara wake ulimulikwa ukaonekana kuporomoka tofali baada ya tofali, kisha ukajijenga upya. Video yake ilisambaa mtandaoni na vijana wengi wakaanza kujiuliza: hivi nami siwezi?

Nuru ina hesabu zake

Unaweza. Ila kwanza tuelewane kuhusu hesabu, kwa sababu hapa ndipo wengi huaibika mbele ya umati.

Nguvu ya projekta hupimwa kwa lumeni. Chukua projekta ya kawaida ya darasani yenye lumeni 3,000. Ukiimulika kwenye skrini ya mita 2 kwa 1.5, eneo lake ni mita 3 za mraba. Gawanya: kila mita ya mraba inapata lumeni 1,000. Picha inang'aa, kila mtu anafurahi. Sasa ipeleke ukutani, mita 10 kwa 6. Hapo nuru ile ile imetandazwa kwenye mita 60 za mraba, kila moja ikipata lumeni 50 tu. Bado inaonekana, mradi pawe na giza. Ukijitia ushujaa na kumulika jengo la mita 20 kwa 15, unabakiwa na lumeni 10 kwa kila mita ya mraba. Mwangaza wa taa za barabarani unatosha kukumeza mzima mzima.

Umbali nao una adhabu yake. Ukiirudisha projekta nyuma mara mbili bila kugusa lenzi, picha inakuwa pana mara mbili na ndefu mara mbili, yaani eneo mara nne. Nuru yako imebaki robo.

Ndiyo maana maonyesho makubwa hutumia projekta nyingi kwa pamoja. Agosti 2015, wanaharakati wa mazingira walipomulika picha za wanyama walio hatarini kuangamia kwenye jumba la Empire State, New York, walitumia projekta 40 kufunika orofa 33. Miongoni mwa wanyama hao alikuwa Cecil, simba wa Zimbabwe aliyekuwa ameuawa na mwindaji mwezi mmoja tu kabla.

Kisha kuna suala la rangi. Projekta haina rangi nyeusi. Weusi wako ni pale ambapo hujamulika, kwa hivyo kama eneo lina taa za usalama zinazowaka, huna weusi kabisa. Ukuta mwekundu hula nuru ya buluu. Vioo vya majengo mapya ya Upper Hill na Westlands hupitisha nuru au kuirusha pembeni, na picha yako haionekani. Mabati mapya hurudisha mng'ao wa kuumiza macho. Ukuta mzuri ni ule mweupe usio na mng'ao, na hapo Pwani inatupiga bao: kuta za matumbawe zilizopakwa chokaa, kama zile za Lamu na Mji wa Kale Mombasa, ni skrini za kuzaliwa nazo.

Bahati nyingine tunayo kwa kuishi karibu na ikweta. Nairobi jua huzama saa kumi na mbili na nusu jioni hivi, mwaka mzima. Kufikia saa moja na dakika kadhaa unaweza kuanza, na watoto watazame kabla ya kulala. Kule Stockholm mwezi Juni, jua lenyewe huzama baada ya saa nne usiku.

Si lazima uwe ukuta

Uhondo wa kweli uko kwenye vitu ambavyo hakuna anayetarajia viwake. Uso wa binadamu, kwa mfano. Mwaka 2014, Mjapani Nobumichi Asai alitoa kazi iitwayo Omote ambapo vipodozi vya nuru vilifuata uso wa mwanamitindo hata alipogeuza kichwa. Miaka miwili baadaye ujuzi huo ulionekana kwenye tuzo za Grammy, usoni pa Lady Gaga alipokuwa akimuenzi David Bowie.

Michezoni nako wamefika. Machi 2014, klabu ya mpira wa vikapu ya Cleveland Cavaliers iligeuza sakafu ya uwanja wake kuwa skrini, mbao zikaonekana kudidimia mbele ya mashabiki. Kwenye ufunguzi wa Olimpiki za Rio mwaka 2016, sakafu ya Maracanã iligeuka bahari, msitu na jiji. Na katika maonyesho ya Expo 2020 jijini Dubai, kuba kubwa la Al Wasl lilimulikwa na projekta 252, picha zikionekana kutoka ndani na nje.

Kwetu je? Keki nyeupe ya harusi ni skrini tayari: ina ngazi, haina mng'ao, na kila mgeni anaikodolea macho. Shina la mbuyu lina mikunjo ambayo ukiijaza nuru ya chungwa linaonekana kupumua. Tanga la jahazi ni kitambaa, kwa hivyo unaweza kumulika kwa nyuma na watu wakatazama kwa mbele bila yeyote kukanyaga nyaya zako. Ila matatu, hata iwe nganya kali kiasi gani, ni skrini mbovu. Vioo, mng'ao na michoro iliyojaa tayari vitakupiga chenga.

Anza na kasha la viatu

Usikimbilie projekta kubwa. Hizo hata kampuni nyingi za matamasha hukodi kwa siku. Azima au kodi projekta ndogo, tafuta kasha la viatu, lipake rangi nyeupe isiyong'aa, kisha liweke kwenye kona ya meza ili pande mbili zionekane.

Sasa tumia projekta kama penseli. Fungua programu ya kuchora kwenye kipakatalishi, mulika ukurasa mweusi, halafu chora mistari nyeupe moja kwa moja juu ya kingo za kasha huku ukitazama kasha lenyewe, si kompyuta. Ukimaliza, una ramani ya kitu chako kama projekta inavyokiona. Kila upande ujaze unachotaka: picha, rangi, video. Zima taa za chumba. Hapo ndipo utashtuka.

Siri ya kumfanya mtazamaji aguse kitu kuhakikisha kama ni kweli ni kivuli. Chora kivuli kikitembea kutoka kushoto kwenda kulia, kama jua linalozunguka, na upande bapa utaonekana umechomoza. Ubongo huamini kivuli haraka kuliko rangi.

Kuhusu programu, Blender ya kutengeneza katuni haina malipo. VPT nayo, iliyotengenezwa mahususi kwa kazi hii, ni ya bure. TouchDesigner ina toleo la bure kwa wasiofanya biashara, lakini limewekewa kikomo cha pikseli 1,280 kwa 1,280. MadMapper na Resolume ni za kulipia, na ndizo utakazozikuta mara nyingi kwenye kazi kubwa.

Ukishaingia uwanjani, kumbuka mambo matatu. Projekta ikisukumwa sentimita chache tu, kila kitu kinahama, kwa hivyo iweke mahali ambapo mlevi wa sherehe hawezi kufika. Stima ikipotea, onyesho limekufa, kwa hivyo jenereta iwe tayari na iwe na mafuta. Na usimulike kuelekea barabarani wala ufuoni. Dereva anaweza kupofuka kwa sekunde, na vifaranga wa kasa hufuata nuru badala ya kuelekea baharini.

Ukuta ni wa nani?

Hapa sasa si mambo ya vifaa tena. Mwaka 1985, msanii mzaliwa wa Poland, Krzysztof Wodiczko, alikuwa akifanya onyesho la picha katika uwanja wa Trafalgar, London. Akaigeuza projekta yake kuelekea ubalozi wa Afrika Kusini na kumulika alama ya Wanazi juu ya jengo la serikali ya ubaguzi wa rangi. Polisi walimsimamisha. Hakuwa amevunja kioo wala kuchafua ukuta, lakini kila aliyepita pale alielewa.

Oktoba 2018 mambo yaligeuka kule Sydney. Serikali ya jimbo iliruhusu paa la jumba maarufu la Opera litumike kutangaza mbio za farasi zenye zawadi nono. Waliotia sahihi kupinga walizidi 200,000. Usiku wa tangazo, umati ulifika na tochi na simu, ukamulika paa lile lile ili kuharibu picha. Nuru ikapingwa kwa nuru.

Kwetu tayari tunajua ukuta unavyoweza kuuma. Mwaka 2012, mchoro wa wanasiasa kama tai uliochorwa karibu na City Market, Nairobi, katika kampeni ya Boniface Mwangi na wachoraji wenzake, ulizungumziwa nchi nzima. Rangi inaweza kupakwa juu yake rangi nyingine. Nuru huzimwa tu, lakini video yake hubaki kwenye simu za watu.

Basi kabla hujawasha, jua sheria. Jengo la mtu linahitaji ruhusa ya mwenyewe. Tangazo la biashara linahitaji leseni ya kaunti. Filamu ya kuonyeshwa hadharani huihusu bodi ya KFCB chini ya Sura ya 222. Majengo yaliyotangazwa kuwa turathi, kama Fort Jesus, yanalindwa na sheria ya makavazi ya 2006. Muziki una wenyewe, na wanataka chao. Karatasi hizi zinachosha, ndiyo, lakini zinakulinda pia. Ukiwa na barua ya ruhusa mfukoni, askari wa kaunti hana sababu ya kubeba projekta uliyoikodi kwa jina lako.

Kazi ipo?

Harusi, uzinduzi wa bidhaa, makanisa yenye majukwaa makubwa, matamasha ya utamaduni, viwanja vya michezo: wote wanatafuta kitu ambacho wageni watakirekodi. Tangu Septemba 2023, Kenya, Uganda na Tanzania zilipotunukiwa uenyeji wa AFCON 2027, vijana wa nuru wana sababu ya kujiandaa. Swali ni kama sakafu na kuta zetu zitachorwa na sisi ama na kampuni itakayoletwa kwa ndege.

Kile ambacho mgeni hawezi kuja nacho ni macho yako. Nakshi za milango ya Lamu, pindo la kanga, mpangilio wa shanga za Wamaasai: hivi ni vitu vilivyoumbwa kwa ajili ya kutembezwa na nuru, na wewe umekua ukiviona. Tafuta wenzako wawili, mmoja wa katuni, mmoja wa stima na nyaya, wewe ushike ramani. Fanyeni kasha la viatu wiki hii. Mkilimudu, tafuteni mlango mmoja wa jirani, muombe ruhusa, na muwaite watoto wa ploti waje kutazama. Wao hawana adabu ya kupongeza kazi mbovu, kwa hivyo wakipiga kelele, mjue mmeiva.