Floraidi katika maji ya Meru: tupime kabla ya kuchimba

Katika maombi ya miradi tunayopokea kutoka sharika za Arumeru, ombi la kwanza karibu kila mara ni kisima. Siku hizi, kabla ya kutafuta mfadhili, tunadai majibu ya maabara kuhusu maji ya eneo hilo, na baadhi ya kamati zimelalamika kwamba tunazichelewesha. Tunaomba tueleze sababu.

Mlima Meru ni wa volkano. Mvua inapopenya kwenye miamba na majivu yake, maji huyeyusha madini ya floraidi na kuyabeba hadi kwenye chemchemi, mito na visima. Kwa macho wala kwa ulimi huwezi kuyatambua. Floraidi kidogo huimarisha meno, ikizidi huyaharibu. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Zamani Tanzania iliruhusu hadi 4. Kiwango cha taifa cha mwaka 2018 nacho ni 1.5. Upande wa Ngarenanyuki, maji ya mto yamepimwa na kukutwa na zaidi ya 10. Chemchemi moja inaweza kuwa salama na ya jirani yake isifae, kwa hiyo kubahatisha hakusaidii.

Wanaoumia kwanza ni watoto. Meno ya kudumu hujijenga ndani ya ufizi hadi kama umri wa miaka minane, na floraidi ikizidi wakati huo yatatoka na madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki. Tunao vijana wa kwaya wanaoziba mdomo kwa mkono wakicheka. Anayekunywa maji yenye floraidi nyingi sana kwa miaka mingi, mifupa yake hukakamaa au kupinda, na haiponi tena.

Sisi wenyewe tumewahi kukosea. Tulichimba kisima, tukakiweka wakfu, tukawapigia wafadhili picha, ndipo tukapeleka maji maabara. Leo pampu ile ni ya kufulia na kufyatulia matofali, na akina mama wamerudi kwenye chemchemi ya zamani. Fedha zilitumika kwa uaminifu, lakini si kwa busara.

Kupima ni kazi ndogo. Chukua chupa safi ya plastiki (si ya kioo), isuuze mara tatu kwa maji yale yale, ijaze, andika jina la chanzo na tarehe, kisha uipeleke maabara ya maji ya serikali iliyoko Arusha. Rudia kiangazi na masika. Kama kisima hakijachimbwa, pima vyanzo vinavyokizunguka. Kikishachimbwa, pima maji yake kabla ya kununua pampu.

Wengi hudhani kuchemsha kunatosha. Kuchemsha huua vijidudu, lakini floraidi haitoki na mvuke. Maji yakipungua sufuriani, yaliyobaki huwa nayo zaidi. Maji ya mvua ya paa la bati, yakihifadhiwa vizuri, karibu hayana floraidi kabisa. Pasipo na tenki kuna chujio la mkaa wa mifupa, ambalo kituo cha utafiti cha Ngurdoto, chini ya Wizara ya Maji, kimelishughulikia kwa miaka mingi, na Jimbo Katoliki la Nakuru nchini Kenya pia. Mifupa huchomwa kwa hewa kidogo. Moto ukiwa hafifu maji hunuka; ukiwa mkali mno mkaa hupoteza nguvu. Majirani zetu Waislamu wameuliza ni mifupa ya mnyama gani, na wana haki ya kuuliza: ni ya ng'ombe.

Ugumu ni kwamba mkaa huchoka bila dalili yoyote. Maji yanaendelea kutiririka, na floraidi inapita nayo. Ndiyo maana bajeti zetu zina fungu la kupima na kubadilisha mkaa kila mwaka, fungu ambalo baadhi ya wafadhili hutuomba tulifute. Tukilifuta, tutakuwa tumegawa ndoo tu.

Chujio litumike kwa maji ya kunywa na kupikia, uji wa watoto ukiwa wa kwanza. Na akina mama, magadi ya kulainishia makande nayo yana floraidi nyingi. Ni heri kuloweka maharage usiku kucha.

Usharika usio na ada ya maabara usiahirishe kupima. Mwenyekiti wa kamati atuandikie, nasi tutailipa.