Maua Yanayokwea Ukutani na Namna ya Kuyaotesha kwa Mbegu

Wakulima wengi, wakisikia habari ya bustani ya maua, huuliza swali moja: "Je, maua huliwa?" Swali hilo ni la haki. Mtu mwenye eka mbili za kulishia jamaa yake hawezi kutoa ardhi kwa kitu cha kutazamwa tu. Hata hivyo, maua yenye kukwea hayadai shamba. Kipande chenye upana wa futi moja, kando ya ukuta au karibu na nguzo za baraza, chayatosha, kwa maana mmea wenyewe hutafuta nafasi yake juu, mahali ambapo mahindi hayapandwi.

Faida zake si za macho peke yake. Nyumba ya mabati ambayo ukuta wake waelekea magharibi huwa kama tanuri saa tisa na saa kumi za alasiri. Ukuta huo ukitiwa kivuli cha majani, joto hupungua. Nyuki hupata chakula karibu na mizinga. Tena mimea mingine ya namna hiyo huwapa watu matunda na hata kitoweo. Lakini faida hizo humfikia yule aliyechagua mbegu yake na mahali pake kabla ya kupanda. Asiyefanya hivyo huweza kujiletea mifereji ya paa iliyoziba, mbu nyumbani, na magugu katika mahindi yake.

Mimea minne ya kuanzia

Wa kwanza ni mwenyeji wa nchi hizi hizi za Afrika Mashariki. Maua yake ni ya rangi ya chungwa, na katikati pana doa jeusi kama mboni ya jicho. Huonekana mara nyingi vichakani na kandokando ya njia. Wataalamu huuita Thunbergia alata, kwa heshima ya Carl Peter Thunberg, mtaalamu wa mimea wa Uswidi aliyefariki mwaka 1828. Watu wa Ulaya na Marekani hununua mbegu zake madukani, hali hapa Kenya hujiotea wenyewe.

Wa pili ni ndugu wa kiazi kitamu, nao huitwa Ipomoea. Mkulima aliyepata kuona ua la kiazi kitamu ataitambua mara moja sura yake ya tarumbeta. Maua yake ya buluu au zambarau hufunguka alfajiri na kunyauka jua linapopanda, na kesho yake mengine huchanua.

Wa tatu ni fiwi, ambayo Wakikuyu huiita njahi na tangu zamani huwapikia akina mama waliojifungua. Aina zake zenye kukwea hutoa maua meupe au ya zambarau, kisha maganda yenye chakula. Mizizi yake, kama ya maharagwe, huurutubisha udongo kwa naitrojeni. Fiwi kavu, hasa zenye rangi nyeusi, yapasa zichemshwe sana na maji yake ya kwanza yamwagwe, kwa kuwa zina sumu ambayo huondoka kwa kupikwa.

Wa nne ni pasheni, ambayo asili yake ni Amerika ya Kusini. Yenye matunda ya zambarau yapenda nchi za juu zenye baridi ya kadiri. Ya manjano hustawi zaidi Pwani na penginepo penye joto. Ua lake ni zuri kupita mengi yanayopandwa kwa ajili ya uzuri tu. Nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao ndio wasaidizi wake wakuu, kwa kuwa miili yao mikubwa huchukua unga wa ua na kuufikisha panapotakiwa. Kwa hiyo si busara kuwaua wote kwa sababu ya tundu moja katika boriti.

Kuiamsha mbegu

Mtu akitia mbegu ya Ipomoea udongoni, akangoja wiki tatu bila kuona kitu, hudhani ameuziwa mbegu mbovu. Mara nyingi mbegu ni nzima, ila ganda lake ni gumu na maji hayaingii. Yafaa ikwaruzwe kidogo kwa tupa au juu ya jiwe, upande ulio mbali na kile kidoa ambapo mbegu ilishikana na ganda la tunda, kisha ilowekwe katika maji ya uvuguvugu usiku mmoja. Zile zilizovimba asubuhi zipandwe siku hiyo. Zisizovimba zikwaruzwe tena.

Fiwi haihitaji kazi hiyo. Mbegu za pasheni zitolewe katika tunda lililoiva vizuri, zioshwe hata utelezi uishe, zikaushwe kivulini na kupandwa upesi, maana zikikaa sana hupoteza nguvu. Fiwi huota katika muda wa wiki moja hivi, Ipomoea wiki moja hadi mbili, Thunbergia wiki mbili hadi tatu, na pasheni wiki mbili hadi nne.

Wakati bora ni mwanzo wa mvua, yaani Machi na Aprili, au Oktoba. Mahali penye jalidi, kama Kinangop, mimea hii huungua kwa baridi. Afadhali huko ipandwe karibu na ukuta unaopata jua.

Ngazi kabla ya mgeni

Kosa la kawaida ni kupanda kwanza na kutafuta fito baadaye. Mizizi ikiisha kuenea, kuchimbia nguzo huikata. Basi nguzo, fito na kamba za mkonge ziwe tayari kwanza, nazo zikae mbali na ukuta kiasi cha inchi sita, ili upepo upite, ukuta usiwe na unyevu, na mchwa waonekane mapema wakianza kupanda.

Mimea haikwei kwa njia moja. Charles Darwin wa Uingereza, aliyechapisha uchunguzi wake wa jambo hili mwaka 1865, alionyesha jinsi mingine inavyojisokota yenyewe na mingine inavyoshika kwa vikono. Fiwi, Ipomoea na Thunbergia hujisokota, na kila mmoja una upande wake wa kuzunguka. Mtu akiuzungusha kwa nguvu upande mwingine, hujifungua na kuanguka. Pasheni hushika kwa vikono vyembamba, nayo yataka waya au kamba. Chipukizi zielekezwe zingali laini. Samaki mkunje angali mbichi.

Mbegu za Ipomoea na Thunbergia zitiwe mbili mbili katika shimo la kina cha nusu inchi, mashimo yakiachana futi moja, papo hapo zitakapokaa, kwani Ipomoea haipendi mizizi yake kuguswa. Fiwi iende chini inchi moja. Pasheni iote kitaluni, ihamishwe ikifika urefu wa futi moja, na nafasi ya futi 10 iachwe kati ya mche na mche. Mche mkubwa wa pasheni ukinyauka ghafula wakati udongo una maji, ung'olewe na kuchomwa moto, wala pasheni nyingine isipandwe pale.

Samadi itiwe kidogo, tena iliyooza. Ikizidi, Ipomoea hutoa majani mengi na maua machache, na mwenyewe hubaki akishangaa.

Mambo ya kujihadhari

Mmea usiachwe ufike juu ya mabati. Majani yakianguka mferejini huuziba, maji hutuama, mbu huzaliana humo, na maji ya tangi huchafuka. Ncha zikatwe zikifika chini ya paa kwa futi moja.

Mbegu za Ipomoea zina sumu, na watoto hupenda kuchezea vitu vidogo. Zihifadhiwe juu, katika chupa iliyoandikwa jina. Isitoshe, maganda yake na ya Thunbergia yachumwe mara yageukapo rangi ya kahawia. Ya Thunbergia hupasuka yenyewe na kurusha mbegu mbali. Queensland, nchini Australia, mmea huo umegeuka gugu la kusumbua. Ipomoea nayo ikiingia shambani huzonga mahindi hata yakalala. Kwa hiyo maganda yaliyokauka yasitupwe katika lundo la mboji.

Kwa anayeanza, ukuta mmoja watosha kwa msimu wa kwanza: fiwi chache za kula pembeni, na maua ya kivuli katikati. Mvua zikiisha atajua ni kiasi gani cha maji, kamba na kazi mimea hiyo inachodai, na atakuwa na mbegu zake mwenyewe za kupanda mvua zijazo.