Afya ya Mpilipili Huanzia Kitaluni

Wahenga walisema, "Pilipili usiyoila yakuwashiani?" Lakini pilipili iliyopandwa nyuma ya jiko humhusu kila aliye nyumbani. Mti mmoja wenye afya huchumwa kwa miezi mingi, na pilipili kichaa yaweza kuzaa hata mwaka wa pili. Hata hivyo, wako wengi wapandao miche sita wakavuna kwa miwili tu. Hulaumu jua au ardhi, hali mara nyingi kosa lilitendeka kabla mche haujatoka kitaluni.

Asili ya mmea huu ni Amerika, nao ulienea Afrika na Asia kwa safari za Wareno na Wahispania katika miaka ya 1500. Hauna udugu na pilipili manga. Jamaa zake ni nyanya, biringani, viazi vya kizungu na tumbako, na ugonjwa wa ndugu mmoja humwingia mwingine. Kwa hiyo haifai kuupanda mahali palipotolewa nyanya au viazi msimu uliopita. Afadhali palipokuwa na mahindi.

Mbegu na kitalu

Mbegu zitwaliwe katika tunda lililoiva kabisa, la mti usio na dosari, kisha zikaushwe kivulini. Tunda zuri la mti mgonjwa halifai, maana ugonjwa waweza kufichama ndani ya mbegu.

Zipandwe kwa mistari wiki 6 hadi 8 kabla ya mvua ndefu, zifunikwe udongo mwembamba na nyasi kavu. Huota polepole, nyingine huchukua wiki 3. Nyasi ziondolewe mara zinapochipua. Miche ikisongamana na udongo ukilowa mno, shina huoza karibu na ardhi na miche huanguka. Kinga yake ni nafasi, hewa, na maji ya kiasi wakati wa asubuhi.

Mche ukifikia inchi 6 uhamishwe jioni, kwa nafasi ya futi moja na nusu hadi mbili, juu ya tuta lililoinuliwa ili maji ya mvua yasituame mizizini. Samadi iwe imeoza vema. Samadi mbichi huunguza mizizi, na iliyozidi hustawisha majani tu bila matunda.

Adui wa bustani

Vidukari hukaa chini ya majani wakifyonza utomvu, na sisimizi wapandao shina kwa safu mara nyingi ni dalili yao. Wakiwa wachache huoshwa kwa maji yenye sabuni kidogo. Wakiachwa hueneza virusi: majani hujikunja na kuwa na mabaka ya manjano, na mti hudumaa. Mti ukiisha kushikwa na virusi hauna dawa. Virusi vingine hukaa ndani ya tumbako kavu. Kwa hiyo mvutaji sigara anawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika miche.

Upo pia mnyauko wa bakteria, ambao huuangusha mti ungali na majani mabichi. Ili kuutambua, shina hukatwa na kusimamishwa katika gilasi ya maji safi. Uzi mweupe kama maziwa ukiteremka, ugonjwa ndio huo. Mti ung'olewe pamoja na mizizi, uchomwe moto, wala usitupwe katika lundo la samadi.

Ni vigumu kwa mama aliyetia maji miezi mitatu kung'oa mti wenye maua. Lakini mti mmoja uliohurumiwa waweza kuambukiza yote iliyobaki, na hasara ya mmoja ikawa hasara ya bustani nzima.

Kuchuma na kukausha

Matunda ya kwanza huwa tayari yapata miezi miwili au mitatu baada ya kuhamisha miche. Yachumwe mara kwa mara pamoja na vikonyo vyake, nao mti utazidi kuzaa. Ya kukaushwa yatandazwe juu ya mkeka safi, yaanuliwe kabla ya umande, na yenye ukungu yatupwe. Mchumaji apake mikono mafuta ya kupikia, kisha ainawe kwa sabuni, kabla ya kugusa macho yake au ya mtoto.